Alama ya Akili: Kutoka Baraza la Waluba Hadi Meza ya Dadu

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani ulioitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua mhusika wa kubuni, awe mpiganaji, mchawi au mwizi, na msimamizi huwasimulia nchi ya majoka na mapango wanamosafiri. Kabla ya safari, mhusika huandikiwa sifa sita: nguvu, akili, busara, wepesi, uvumilivu wa mwili na haiba. Kwa kanuni za mwanzo, kwa kila sifa zilitupwa dadu tatu, jumla yake ikaandikwa kwenye karatasi. Alama ya chini kabisa ilikuwa 3, ya juu kabisa 18, na zilizotokea mara nyingi zaidi ni 10 na 11.

Tangu hapo kuna swali ambalo wachezaji wa michezo ya aina hii hawajaacha kulijadili. Aliyepata 6 kwenye akili aigizweje? Jibu lililozoeleka ni kumfanya bwege: aseme maneno yaliyokatikakatika, ajitaje kwa jina lake badala ya kusema "mimi", ashindwe kuhesabu vidole vyake, na meza nzima icheke. Jibu hilo ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Lina ukoo, na tawi moja la ukoo huo lilipita Katanga, katika nchi ya Waluba ambayo leo mji wake mkuu kiutawala ni Kamina, Haut-Lomami. Ninaufuata ukoo huo kwa sababu umewaumiza watu halisi kabla ya kuwachekesha wachezaji.

Kwanza hesabu, maana wengi huiruka. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa njia 216. Njia 20 kati ya hizo hutoa 6 au chini yake. Kwa hiyo katika kila watu kumi na mmoja hivi, mmoja yuko hapo. Panda treni ya kwenda Lubumbashi pale stesheni ya Kamina na utakuwa umeketi na kadhaa wao katika behewa moja. Wana wake na waume, wanalima, wanajua chenji yao, na mtu akiwadanganya bei ya mihogo wanamjua. Sheria za mchezo wenyewe, basi, hazikumtaja bwege asiyejua vidole vyake. Alitoka kwingine.

Waluba walijua kumpima mtu akili zamani kabla ya Ulaya kuipa tarakimu. Makaburi yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia Sanga, kando ya maziwa ya Upemba, yanaonyesha kwamba bonde lile lilikuwa na jamii za wavuvi na wafua chuma tangu karne ya 8 hivi. Humo katika nchi hiyo ulikua ufalme wa Waluba, na pamoja nao chama cha Mbudye, chama cha watu waliokabidhiwa kumbukumbu za dola. Chombo chao kilikuwa lukasa, kibao cha mbao kinachoenea mkononi, kilichopachikwa shanga na kuchongwa alama. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akisimulia nasaba za wafalme, safari zao, mahali patakatifu na miiko ya utawala. Shanga ileile iliweza kusema jambo hili leo na jingine kesho, kulingana na kesi iliyokuwa barazani. Msomi yeyote wa Ulaya angewekewa kibao hicho mkononi angepata sifuri.

Na hadithi kuu ya ufalme huo ina mtihani wa akili ndani yake. Mfalme Nkongolo, mkatili, alimwogopa mpwa wake Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji mgeni Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma alijua siri. Hakuweza kusema neno mbele ya mfalme, basi alisema kwa mapigo. Kalala Ilunga aliyasikia mapigo na kuyaelewa, akachoma mkuki wake chini palipofunikwa, akaliona shimo, akakimbia. Baadaye alirudi akawa mfalme. Akili inayosifiwa hapa ni ya kusikia kile ambacho hakiwezi kutamkwa, na kutenda kwa wakati. Hakuna karatasi iliyowahi kuipima.

Kipimo cha tarakimu kilizaliwa Paris mwaka 1905, pale Alfred Binet na Théodore Simon walipoombwa kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Nia ilikuwa njema, na Binet mwenyewe alikataa kuifanya alama yake iwe ukweli wa kudumu juu ya mtoto. Lakini kipimo kilisafiri haraka kuliko tahadhari ya mwenyewe. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alikigeuza kuwa uwiano wa umri wa akili na umri wa miaka. Mwaka 1916 Lewis Terman alikitengeneza upya Marekani. Mwaka 1917 jeshi la Marekani, chini ya Robert Yerkes, lilianza kuwapima askari, na hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vinaisha lilikuwa limepima zaidi ya watu milioni moja na nusu.

Kwa askari wasiojua kusoma ilitungwa karatasi ya picha zenye kasoro, mtu aongeze kilichokosekana: gramafoni isiyo na pembe, uwanja wa tenisi usio na wavu. Mhamiaji mkulima ambaye hajawahi kuona tenisi aliandikiwa alama ya chini, na alama hiyo ikaitwa akili yake. Mwaka 1923 Carl Brigham alitumia takwimu hizo kuyapanga mataifa ya Ulaya kwa ngazi za akili. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria kali ya kuzuia wahamiaji, katika hewa iliyojaa hoja za namna hiyo. Mwaka 1930 Brigham alikiri kwa maandishi kwamba ulinganisho wake haukuwa na msingi. Sheria ilibaki.

Afrika Mashariki ilipata sehemu yake. Nairobi, katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alihubiri kwamba Mwafrika ana upungufu wa ubongo wa kuzaliwa nao, na mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha vipimo vya ubongo wa maiti kuunga mkono hoja hiyo. Wakati huohuo R. A. C. Oliver alitunga mtihani wa akili kwa ajili ya Waafrika, naye akatahadharisha kwamba huwezi kuyatenga matokeo na mazingira aliyokulia mtu. Tahadhari haikuvuma kama hubiri.

Sasa Kongo. Mwaka 1930 gazeti la watoto la Brussels, Le Petit Vingtième, lilianza kuchapisha safari ya Tintin nchini Kongo, kazi ya kijana Hergé ambaye hakuwahi kufika huku. Wakongo katika kitabu hicho huzungumza Kifaransa kilichovunjika, hushangaa kila kitu, humsujudia mzungu na hata mbwa wake. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikaikataa kesi. Sitaki kuijadili hukumu hiyo. Ninachotaka msomaji akione ni sauti: maneno yaliyokatika, mtu mzima anayeongea kama mtoto wa miaka miwili. Ndiyo sauti ileile ambayo mchezaji huitoa mezani anapoona 6 kwenye karatasi. Watu wazima walioongea lugha tatu au nne walichorwa hivyo kwa sababu lugha moja kati ya hizo, ya mgeni, walikuwa ndio kwanza wanajifunza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Katanga ilihitaji mikono yenye ufundi. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa imeacha mtindo wa vibarua wa muda na kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini, na sasa ilitaka kujua nani amudu mashine na nani asimamie wenzake. Kamina nayo ilikuwa ikibadilika. Reli ya kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikuwa imekamilika mwaka 1928, tawi la Kabalo likakamilika mwaka 1956, na nje ya mji Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha kijeshi chenye viwanja vya ndege na shule ya marubani wao. Vijana walitoka katika vijiji vya Kasongo Nyembo na Kabongo kuja kwenye reli, kwenye karakana na kwenye migodi ya kusini. Mlangoni mwa kazi bora wengi wao walikutana na karatasi.

Karatasi iliyopendwa ilikuwa ya Mwingereza John Raven, ya mwaka 1938. Ni maumbo yaliyopangwa kwa utaratibu, moja halipo, nawe unachagua linalofaa kati ya yaliyochorwa chini. Ilisifiwa kuwa haina lugha wala utamaduni. Lakini inamtaka mtu ajue kwamba mistari kwenye karatasi ni jambo la kufikiriwa, kwamba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwamba mgeni anayekutazama kwa saa mkononi anataka jibu lako wewe peke yako bila kumuuliza mwenzako. Hayo yote hufundishwa, na hufundishwa shuleni.

Mtu aliyechunguza jambo hili kwa kina katika Kongo ni André Ombredane, daktari na profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, aliyefariki mwaka 1958. Yeye na wenzake waliupeleka mtihani wa Raven kwa Waasalampasu wa Kasai, na mwaka 1957 yeye na akina Robaye walichapisha uchambuzi wa matokeo ya Waluba 485. Lakini kilicho na thamani zaidi kwangu ni wazo lake la kurudia. Aliwapa watu walewale mtihani uleule tena, na tena, bila kuwafundisha majibu. Alama zilipanda. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika kituo cha saikolojia na malezi cha Union Minière, J. L. Laroche alifanya vivyo hivyo kwa watoto wa Katanga na kuchapisha athari za marudio hayo mwaka 1959. Mwenzake Paul Verhaegen, pamoja naye, alikuwa ameandika mwaka 1958 juu ya ugumu wa kuwatungia Waafrika mitihani ya vipaji.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri, kwa sababu huko Élisabethville lilitokea mikononi mwa watu waliolipwa na kampuni, wasiokuwa na sababu ya kuwapendelea waliopimwa. Ubongo wa mtoto haugeuki mwingine kwa marudio machache. Kilichobadilika ni kwamba alishaizoea karatasi. Alama ya siku ya kwanza, basi, ilipima umbali kati ya mtoto na dawati la mpimaji, na aliyeusogeza umbali huo ni mtoto mwenyewe, kwa kuangalia na kujaribu. Mtu anayejifunza bila kufundishwa anaitwaje kama si mwenye akili?

Ufahamu wa umbali huo haukuingia katika siasa ya koloni. Mkongo aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu alipaswa kuomba kadi ya sifa za uraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, au usajili wa mwaka 1952, na kukaguliwa hadi namna anavyokula na nyumba anavyoipanga. Milango ya elimu ya juu ilichelewa kufunguliwa: Lovanium mwaka 1954, chuo kikuu cha Élisabethville mwaka 1956. Thomas Kanza alipopata shahada yake Louvain mwaka 1956, Mkongo wa kwanza asiye padri kufika hapo, shahada hiyo ilikuwa ya saikolojia na ualimu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi 30. Watu walinyimwa shule, wakapimwa kwa mtihani wa shule, kisha alama ikatajwa kuwa sababu ya kuwanyima shule.

Tafiti za baadaye zilizidi kuonyesha upofu wa kipimo. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Zambia na Uingereza. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa kuunda vitu vya waya Wazambia waliongoza. Kwa udongo walilingana. Kila mvulana wa Kamina aliyewahi kuunda gari la waya lenye usukani unaokata kona analijua jibu hilo bila utafiti. Nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake walikuta mwaka 2001 kwamba watoto wa Kijaluo waliozijua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini zaidi katika mitihani ya shule.

Sisemi kwamba kila alama ya chini ni uongo wa mpimaji. Njaa na maradhi hugusa akili kweli, na kuficha hilo ni kuwaonea watoto mara ya pili. Michael Boivin na Bruno Giordani waliwapima watoto wa shule nchini Zaire, jina la Kongo la wakati huo, wakawapa dawa ya minyoo na madini ya chuma, kisha mwaka 1993 wakaripoti kwamba uwezo wao katika mitihani uliongezeka. Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi, sumu ya mihogo isiyolowekwa vya kutosha husababisha konzo, ugonjwa unaopooza miguu, na utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa unagusa pia kumbukumbu na kujifunza kwa watoto. Hapa alama ina kazi njema: inaita dawa, chakula na maji ya kulowekea mihogo. Ndiyo kazi aliyoitaka Binet.

Lakini mwaka 2002 Richard Lynn wa Uingereza na Tatu Vanhanen wa Finland walitoa kitabu kilichoyapa mataifa alama za akili. Kongo yetu ilipewa 65, na takwimu za zama za Ombredane na Laroche zilitumika humo, bila uzito wa marudio yale. Guinea ya Ikweta ilipewa 59 kutokana na watoto waliokuwa katika makao ya wenye ulemavu wa akili huko Hispania. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake wa Amsterdam walizipitia tafiti za Afrika, wakapata wastani wa karibu 80, na wakatilia shaka kama mitihani hiyo hupima kitu kilekile Afrika na Ulaya.

Sasa ichukue ile 65 uipeleke kwenye meza ya dadu. Kwa mtawanyiko wa dadu tatu, alama iliyo chini ya wastani kwa kiasi hicho inaangukia kati ya 3 na 4. Yaani mwananchi wa kawaida wa Kongo angekuwa mhusika wa mwisho kabisa kabla ya mnyama, maana toleo la mwaka 2000 la mchezo huwapa wanyama 1 au 2. Kisha fungua kanuni za mwaka 1978. Humo akili huamua lugha za ziada ambazo mhusika aweza kujifunza: mwenye 3 hadi 7 hapati hata moja, na wa kupata tatu sharti awe na 12. Mama anayeuza samaki wakavu wa Upemba sokoni Kamina huongea Kiluba, kisha Kiswahili, Kitshiluba kwa wateja wa Kasai, na Kifaransa cha kutosha kwa wakaguzi. Kwa kanuni za mchezo ana 12 au zaidi. Kwa kitabu cha Lynn majirani zake wa wastani wana 3 au 4. Kati ya hivyo viwili, mimi naamini dadu.

Mchezo wenyewe haukuwa safi. Toleo la mwaka 2000 liliwaondolea maorki-chotara, viumbe wa kubuni wa mchezo huo, alama mbili za akili tangu kuzaliwa, na kitabu cha mwaka 2016 kiliwaondolea maorki vilevile. Kabila zima lilikatwa kabla ya dadu kutupwa, kwa sura na ukoo, kama Gordon alivyofanya Nairobi. Mwaka 2020 wachapishaji, Wizards of the Coast, waliyafuta makato ya kitabu hicho, na wakatoa kanuni mpya zinazomwezesha mchezaji kuziweka alama za ukoo atakapo. Wako waliolalamika kwamba ni siasa imeingia mchezoni. Makato ndiyo yaliyokuwa siasa, na historia niliyoieleza ndiyo hati yake.

Basi wewe uliyepata 6, mwigize mtu. Kanuni zimekupa busara mbali na akili kwa makusudi: mhusika wako anaweza kuwa mzito wa vitabu na mwepesi wa kusoma nyuso. Anaweza kusahau mpango mrefu na kukumbuka kila deni. Anaweza kuhitaji kujaribu mara tatu, na mara ya nne akafanya vizuri, kama watoto wa Laroche. Mpe lugha ya mama iliyonyooka, na kama anababaika katika lugha ya wageni, mwachie kubabaika huko kuwe kwa mgeni. Nawe msimamizi, kabla ya kumwambia mchezaji kwamba mhusika wake hawezi kuelewa jambo, jiulize jambo lenyewe linafundishwa wapi, na kama mhusika amewahi kufika hapo.

Na kwa vijana wa Kamina wanaopenda michezo ya kubuni nina ombi. Tungeni mchezo wenu katika nchi ya Kalala Ilunga. Wekeni sifa ya kusikia ngoma, wekeni ya kusoma lukasa, na mwacheni mgeni atokaye mbali aanze na 6.